Maji Yangu Yalipokuwa na Kichocho

Profesa aliyenilea kitaaluma alistaafu mwaka huu, nasi tuliowahi kumsumbua tukaalikwa Durban kwa chakula cha mchana cha kumuaga. Baada ya biriani, kijana mmoja mwenye kipaza sauti alinitambulisha kuwa "mmoja wa wazee wetu," nami nikageuka kutazama ni nani aliyesimama nyuma yangu. Kisha akaniomba niwaeleze wanafunzi wa sasa jinsi tulivyokuwa tukijikinga na uchafuzi katika maabara ya vinasaba zamani zile. Zamani zile ni mwaka 2011. Nilisimama, nikavuta suruali juu ya kitambi, nikataja yote yanayotajwa siku zote: glavu mpya kila mara, ncha za pipeti zenye kichujio, jiki juu ya meza, taa ya miale inayoua kila kitu, chumba cha kuandalia kiwe mbali na chumba cha kufungulia. Waliandika kwenye simu zao. Niliketi nikiwa nimesema kweli tupu, na nikiwa nimeruka karibu kila kitu kilichotokea.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa Kitanzania mwenye shahada ya kwanza, begi moja, na kiburi cha kujaza mabegi matatu. Kazi yangu ilikuwa kichocho. Kwa asiyekijua, ni minyoo inayoingia mwilini kupitia ngozi mtu anapooga mtoni, baada ya kukaa kwanza ndani ya konokono wa maji baridi. Mtoto akianza kukojoa damu, ndipo wazazi wanapojua mto wao una wapangaji. Kwenye mito ya KwaZulu-Natal kuna minyoo ya watu na kuna binamu zao wa ng'ombe, na wakiwa bado wachanga ndani ya konokono, hata mtu mwenye darubini nzuri na macho mazuri huwachanganya. Nilitakiwa kutengeneza kipimo cha vinasaba ambacho, ukishamsaga konokono, kingekwambia bila kigugumizi kwamba huyu kabeba wa watu, huyu kabeba wa ng'ombe, huyu hana kitu. Kipimo kikikubali, napata shahada ya uzamili. Kikikataa, Profesa alikuwa ameshaniambia mapema, kwa ile sauti yake ya upole iliyotisha kuliko kelele za wengine. Alikuwa mwanamke wa Kihindi, mzaliwa wa Durban, mfupi, asiyekunywa chai ya mtu. "Ikifika Septemba nikiona hujaweza," alisema, "konokono wako nitawapa watu wengine, na wewe nitakuandikia barua nzuri." Barua nzuri maana yake ilikuwa ndege ya kurudi nyumbani na begi lile lile.

Mashine yenyewe, tunayoiita PCR, haina siri kubwa. Unaipa chembe ya DNA isiyoonekana kwa macho. Unaipa pia vipande viwili vifupi vilivyotengenezwa kiwandani, praima, ambavyo kazi yao ni kutafuta mahali panapofanana navyo na kushikamana hapo. Halafu mashine inapasha moto na kupoza, inapasha na kupoza, na kila mzunguko kilichokuwa kimoja kinakuwa viwili. Ukirudi kutoka kunywa chai, chembe moja imekuwa kabila zima. Huo ndio uzuri wake na huo ndio ubaya wake, maana mashine haiulizi chembe imetoka wapi. Hata kama imedondoka kutoka kwenye kazi ya jana, itanakiliwa kwa bidii ile ile. Ndiyo sababu kila safari unaweka kichupa kimoja kisicho na DNA yoyote, maji matupu, kikae pale kama shahidi. Mwishoni unamimina kila kichupa kwenye njia yake ndani ya jeli, unawasha taa ya zambarau, na kila penye kitu panang'ara mstari. Njia ya maji inatakiwa ibaki giza. Ikibaki giza, unaweza kuamini nyingine zote. Iking'ara, hakuna unachoweza kuamini, hata jina lako. Yangu iling'ara. Tangu Februari, maji yaliyosafishwa na kufungwa kiwandani, ambayo hayajawahi kuuona mto wala konokono, yalikuwa na kichocho.

"Eish, Mtanzania," Nomusa aliniambia siku ya kwanza tulipoyaona, "usiyaoge hayo." Nomusa alikuwa fundi wa maabara, binti wa Kizulu aliyetawala chumba kikubwa mwisho wa korido, kule ambako mashine zilikaa, vichupa vilivyokwisha kazi vilifunguliwa, jeli zilimiminwa, na birika, katika kijichumba cha pembeni, lilichemka kutwa. Mimi nilikaa mwisho wa pili wa korido ile ile, katika iliyokuwa stoo ya mafagio, iliyopakwa rangi nyeupe na kuitwa chumba safi. Bado ilinuka mafagio. Humo hakikutakiwa kuingia kitu kilichokwisha kuzidishwa na mashine, ili mchanganyiko mpya uandaliwe bila wasiwasi. Nilibadilisha maji. Nilibadilisha kimeng'enya, kile kinachofanya kazi yenyewe ya kunakili. Niligawa praima katika vichupa vidogo vidogo ili kimoja kikichafuka nisipoteze vyote. Nilizipangusa kuta kwa jiki mpaka suruali zangu zote zikawa na madoa meupe, na mwenye nyumba wangu kule Cato Manor akaniuliza kwa huruma kama nimepata kazi ya kufua hospitalini. Kila dawa ilifaa kwa siku moja, mara chache mbili, kisha maji yakarudi kung'ara, na mimi nikarudi kwa Profesa na picha ya jeli mkononi kama mtoto aliyerudishwa na mwalimu. Yeye aliitazama njia ya maji tu. "Rudia," alisema.

Sasa nimlete Papa Ilunga. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, mkubwa wetu sote ukimwondoa Profesa. Kwao Lubumbashi alikuwa amefundisha chuo kikuu. Durban alianza kwa kulinda magari ya watu mbele ya supamaketi, mpaka siku Profesa alipoegesha lake na kumkuta mlinzi amekaa kwenye ndoo akisoma makala kuhusu minyoo. Alifanya kazi ya kichocho hicho hicho, sehemu ile ile ya vinasaba niliyoitafuta mimi, tofauti ikiwa kwamba yeye alikuwa nayo tele. Kila asubuhi alianzia chumba kikubwa. Alifungua vichupa vyake vya jana vilivyojaa, akavimimina, akaweka sawa mambo yake, akavua glavu kwa utaratibu, kisha akashika njia ya kusalimia watu. Hakuruka mtu. Alivaa koti jeupe alilokuja nalo kutoka kwao, ambalo mkewe, Mama Béa, alilipiga pasi mpaka mikono yake ikawa na mikunjo miwili mikali kama ya suruali ya askari. Alimaliza kwangu, stoo, kama mtu anayejiwekea kipande kitamu cha mwisho.

"Bwana mudogo! Uko muzima?"

"Mzima, Papa. Shikamoo."

"Na usingizi?"

"Haukuwa mbaya."

"Na bale bakonokono?"

"Wazima kuliko mimi."

Katikati ya maswali hayo alikuwa ameshanipa mkono, amenivuta kifuani, na kunigusa kichwa kwa kichwa kama wafanyavyo wanaume wa kwao, upande huu, upande ule, na tena upande huu, bila haraka hata kidogo. Kwetu mdogo husema shikamoo na mambo yakaishia hapo. Unaweza kumsalimia mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kwake maneno bila mkono yalikuwa bahasha isiyo na kitu ndani. Nakiri nilizipenda salamu zile. Kwenye taxi, daladala za kule, za kwenda mjini mara nyingi kiti cha pembeni yangu kilibaki wazi mpaka pasiwe na kingine, abiria wakishaisikia lafudhi yangu. Kulikuwa na siku ambazo katika jiji zima aliyenigusa ni Papa Ilunga peke yake.

Mwezi wa tano alifiwa na binamu yake Johannesburg, akaenda msibani juma zima. Juma lile maji yangu yalikuwa giza. Giza Jumatatu, giza Jumanne, giza tupu. Nilikuwa nimenunuliwa kimeng'enya cha aina mpya, kile kinachofungwa kikalala mpaka kipate moto wa kwanza, nami nikakipa sifa zote. Nilimweleza Profesa nadharia yangu kwa dakika nyingi, nikitumia mikono. Aliniacha nimalize. "Rudia," alisema. Jumatatu iliyofuata Papa alirudi. Kwa kuwa alikuwa na msiba, nami nilikuwa na furaha, tulisalimiana mara dufu. Alinishika mabega, akaniuliza habari za kila kitu nilicho nacho na vingine nisivyokuwa navyo. Mchana maji yaling'ara kama duka la simu.

Nomusa aliitazama jeli akitafuna karanga mlangoni, maana ndani hakuruhusu mtu kula, hata yeye. "Basi imeshajulikana," akasema. "Maji yako yalikuwa yamem-miss Papa."

Tulicheka. Halafu yeye akaacha kutafuna, na mimi nikaacha kucheka.

Kesho yake, Papa alipokwisha kunisalimia na kuondoka, nilichukua pamba yenye maji safi nikajipangusa paji la uso. Pamba nyingine kwenye kola. Nyingine kifuani, nyingine mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto. Nilizikamua kila moja katika kichupa chake na kuzipeleka kwenye mashine kana kwamba ni konokono. Wakati wa kuwasha taa ya zambarau Nomusa alisimama begani kwangu. Paji la uso liliwaka kama robot, taa ya barabarani ya kule, ikiwa kijani. Kola iliwaka. Kifua na mkono wa kulia viliwaka. Mkono wa kushoto tu ndio uliokuwa giza. "Una kichocho cha kichwa," Nomusa alisema taratibu, na safari hii hakucheka. Kanuni zilizobandikwa mlangoni kwangu zilieleza vizuri sana mtu anayekuja kufanya kazi avae nini na avue nini. Hazikusema neno juu ya mtu anayekuja kusalimia tu.

Mnaweza kudhani kwamba hapo kazi ilikuwa imekwisha, na msomaji wa Ulaya angeshangaa kwa nini sikumwambia mchana ule ule. Lakini hebu jaribu kuitunga sentensi yenyewe. Mwambie mtu wa rika la baba yako, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu akaja kulinda magari ya wengine, kwamba mkono wake unachafua. Mimi niliyekuwa nikijisifu kwa ujasiri wa kisayansi nilifanya kilichofanywa na waoga wote kabla yangu: nilianza kujificha. Nikisikia viatu vyake koridoni nilikwenda chooni. Nilijifanya nina mafua. Siku aliponikamata mlangoni nilimpa kifundo cha mkono, kama tunavyofanya mtu anapotukuta tunakula na vidole vina mchuzi. Alikitazama kile kifundo. Kisha alikishika kwa mikono yote miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa kitu ambacho hakukiomba, akaniambia nijitunze na mafua. Mchana maji yaling'ara.

Juma lile lile nilikuwa nimealikwa kwao Jumapili, na sikupata uongo wa kutosha kukataa. Walikaa Clairwood, nyuma ya gereji, katika nyumba ambayo malori yalipopita vikombe vilijibu kabatini. Mama Béa, aliyesuka nywele katika saluni ya mjini siku zote sita, Jumapili alipika kama anayelipiza kisasi: fufu, sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa ikatulia, na makayabo, ule samaki wa chumvi ambao harufu yake inakupokea geti la jirani. Papa alikuwa ametoka kununua soda. Nilikuwa uani, karibu na dirisha la jikoni, nikijifanya nayatazama malori, na Mama Béa na kaka yake Deo walikuwa ndani, wakidhani nayatazama kweli.

"Juu ya nini anamukimbia bwana yangu?" Mama Béa alikuwa akiuliza. Mwiko uligonga sufuria.

"Pengine waligombana."

"Hapana. Hawakugombana. Anamupa hii." Sikumwona, lakini nilijua ameinua kifundo cha mkono. "Kama mutu anamutupia imbwa mufupa. Papa alifika hapa, akanawa mikono, akanawa tena, kiisha akaniuliza: Béa, niko nanuka?"

"Uliambia yeye nini?"

"Niseme nini? Mu taxi wanamuachia kiti. Ku duka wanamuwekea chenji juu ya meza, hawataki kumugusa mukono. Nilimuambia, hawa hawakujue. Sasa ule anasema Kiswahili! Ule anakulaka hapa!"

"Dada, Batanzania bako na maringo," Deo alisema, kwa sauti ya mtu anayefunga kesi.

Lori lilipita, vikombe vikatetemeka, na Papa akaingia uani na soda kwapani, akitabasamu. Mezani alinichagulia yeye mwenyewe kipande kinene cha makayabo, akaondoa mifupa, akakiweka upande wangu wa sahani. Sijawahi kula chakula kizuri namna ile kwa tabu namna ile. Nimekaa na maneno ya dirishani miaka yote hii, na ninachokiona sasa ni jinsi nilivyokuwa nimeelewa vibaya neno "kumlinda." Nilidhani nanyamaza kwa ajili yake. Kumbe ukimya wangu ulikuwa ukimwambia kila asubuhi kile kile alichoambiwa na kiti kitupu cha taxi, na afadhali kiti, maana hakijui Kiswahili.

Jumatatu nilimngoja chumba kikubwa, upande wake. Nilikuwa nimeiwasha taa ya zambarau na jeli ya pamba zangu ilikuwa juu yake. "Papa," nikasema, "naomba unisomee hii. Sitasema kitu." Nilijua kwamba mbele ya jeli hakuwa mkimbizi wala mtu aliyeumizwa moyo, alikuwa mtahini. Alivaa miwani, akainama.

"Hii ni nini?"

"Paji la uso langu."

Aligeuza shingo kunitazama, akarudi kwenye jeli. "Na hii?"

"Kola. Halafu kifua. Halafu mkono wa kulia."

"Na hii hapa hakuna kitu?"

"Mkono wa kushoto."

Nomusa, aliyekuwa akiosha beseni lisilokuwa na uchafu wowote, alifunga bomba ili asipitwe. Papa Ilunga aliutazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua chombo alichoazimwa. "Njo mimi, ni mimi," akasema.

Ndipo maneno yakanitoka yote kwa pamoja. Nikamwambia si uchafu, ni kazi yake. Kwamba vichupa vyake vimejaa kwa sababu amefanikiwa, na mafanikio yakifunguliwa huruka hewani yakatua kwenye koti. Kwamba ningekuwa na nusu ya alichonacho kolani mwake ningekuwa nimeshamaliza shahada. Nikamwambia nilisikia yaliyosemwa jikoni. Alilivua koti, akalikunja kwa kufuata ile mikunjo ya pasi, akalitundika kwenye msumari. Nilitegemea kulaumiwa, na nilikuwa nimejiandaa. Badala yake aliniuliza swali.

"Kwenu Tanzania, asubuyi, nani anaendaka kusalimia mwenzake? Mukubwa ao mutoto?"

"Mdogo," nikasema. "Mdogo ndiye anayemwendea mkubwa."

"Bon. Tangu ulifika hapa, ulishakuja kunisalimia mara ngapi?"

Hata mara moja. Tangu Februari nilikuwa nimekaa ndani ya stoo ya mafagio kama chifu, nikingoja mtu wa miaka hamsini atembee korido nzima kuja kuniuliza kama nimelala vizuri. Nilikuwa nasema shikamoo, ndiyo, lakini nilikuwa naisema nimekaa.

"Mimi nilisema," Papa aliendelea, "huyu mutoto hana wazazi hapa, pengine hawakumufundisha. Nitamufundisha kwa mufano. Nikakuja leo, nikakuja kesho. Hakusikia!" Akamgeukia Nomusa, akampa Kiingereza ili naye asikose. Kisha akanigeukia tena, na sasa kicheko kilikuwa kimeanza kumtikisa mabega. "Kama ungekuwa na adabu, maji yako yangekuwa safi tangu Februari!"

Nimesoma vitabu vingi vya kuzuia uchafuzi tangu siku ile, na vyote, vikiondolewa maneno marefu, vinasema jambo moja: toka kwenye usafi uende kwenye mazao, yaani vile vilivyokwisha kuzidishwa na mashine, usirudi. Asubuhi unaingia chumba safi ukitoka nyumbani, unachanganya, unafunga vifuniko. Baada ya hapo unaweza kwenda popote, kugusa chochote, kukumbatia yeyote, ila usiikanyage tena stoo mpaka umeoga na kubadili nguo. Barabara ya upande mmoja. Na mama yangu, ambaye hajui PCR ni nini na anaamini nilisomea konokono wa kula, alikuwa amenichorea barabara hiyo hiyo nikiwa mdogo, akaiita malezi. Mdogo aliye mwisho huu wa korido anamwendea mkubwa aliye mwisho ule. Mimi ndiye niliyeigeuza.

Kuanzia kesho yake niliishika. Nilichanganya, nikafunga, nikavua koti langu mlangoni, nikatembea korido mpaka chumba kikubwa, nikamsalimia Papa Ilunga mkono na kichwa, huku, kule, na huku. Kisha wengine. Nomusa aliomba apewe mkono tu, kichwa alisema kina nywele za gharama. Maji yakawa giza na yakabaki giza. Faida ambayo sikuitarajia ni kwamba, kwa kuwa sikuruhusiwa kurudi stoo, ilinibidi nishinde kule kwenye watu, na ni kule nilikopata dawa ya tatizo la pili, lililokuwa limejificha nyuma ya la kwanza. Maana maji yaliponyamaza ndipo niliposikia kwamba praima zangu ni waongo. Konokono aliyebeba minyoo ya ng'ombe naye alitoa mstari, hafifu lakini mstari, kana kwamba amebeba ya watu.

"Praima yako iko na politesse mingi, adabu mingi," Papa alisema, akiwa ameketi juu ya meza na kikombe cha chai, ndani ya kile kijichumba cha birika. "Inasalimia kila mutu njiani." Joto lilikuwa chini mno. Katika ubaridi praima hushikamana hata na kitu kinachofanana nayo nusu. Ukipandisha joto, zile ndoa za juu juu zinavunjika na zinabaki za kweli. Nilipandisha, digrii moja baada ya nyingine, mpaka mstari wa ng'ombe ukafifia. Nikapandisha tena, na wa watu nao ukatoweka, kwa kuwa ukiwa mkali kupita kiasi hutabaki na rafiki hata mmoja. Kati ya hapo palikuwa na nafasi nyembamba isiyotosha. Tulibishana juma zima. Mwishowe yeye ndiye aliyechora herufi za DNA za minyoo ya aina zote mbili juu ya kitambaa cha karatasi, akatafuta mahali zinapotofautiana kwa herufi moja tu, akaniambia nisogeze praima ili herufi hiyo iangukie mwisho kabisa, kwenye ncha ambapo kunakili huanzia. Pasipolingana hapo, mashine haina pa kuanzia. "Ikose mahali pa kuweka muguu," alisema. Praima mpya zilipofika, wa ng'ombe alikaa kimya, na mimi nilizunguka birika mara kadhaa bila sababu.

Septemba Profesa alinipa vichupa vya konokono waliosagwa, vyenye namba tu. Yeye peke yake alijua ndani mna nini. Asubuhi ile, nikiwa nimeshavaa koti na glavu mlangoni pa stoo, nilisikia viatu. Papa Ilunga alikuwa anakuja, koti mwilini, mkono umeshanyooshwa, uso umejaa dua. Alifika katikati ya korido akasimama ghafla mwenyewe. Akautazama mkono. Akaurudisha nyuma ya mgongo, akaushika kwa ule mwingine, kama mtu aliye makumbusho. "Nitakungojea kule," akasema, akageuka.

Mchana tulikuwa wanne kwenye taa ya zambarau. Profesa alianzia njia ya maji, kama kawaida yake, na alikaa hapo kuliko kawaida yake. Giza. Ndipo akanipa nafasi nisome. Huyu wa watu, huyu wa ng'ombe, huyu hana kitu, na huyu hapa, nikasema, ama nimekosea ama ana wote wawili.

"Ana wote wawili," Profesa alisema. "Nilimchanganya mwenyewe." Alizima taa. "Utaendelea mpaka Desemba." Nomusa alinipiga konzi mgongoni. Profesa alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. "Maji yalichafuka miezi mingi. Ulibadilisha nini? Lazima kiandikwe kwenye tasnifu."

Nilivuta pumzi nimweleze habari za kimeng'enya. Papa Ilunga alinitangulia. "Alipata adabu, Profesa."

Alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Basi iandikeni kwa namna inayoweza kuchapishwa."

Niliandika hivi: watafiti walisogea kutoka eneo safi kwenda eneo la mazao, na hawakurudi siku hiyo hiyo. Papa aliisoma rasimu kwa kalamu nyekundu, kama alivyokuwa akisoma za wanafunzi wake wa Lubumbashi, na baada ya "watafiti" akaongeza neno moja, "wadogo." Nililiacha. Siku ya utetezi mtahini wa kutoka nje alilikuta, akalizungushia duara, akaniuliza kwa nini kanuni hiyo iliwahusu watafiti wadogo tu.

Nikamjibu kwamba wakubwa walikuwa wameshatangulia kule.